Kwa Baba Yetu Nicodemus Wanyonyi, Aliyempikia Juki

Mwaka umetimia, Baba, na tarehe yako imeangukia Jumapili ya Pasaka. Tulikwenda kanisani kama watu wengine. Waliimba nyimbo za furaha, nasi tukafungua vinywa tukaimba. Tukarudi nyumbani Nyalenda, tukavua viatu, tukakaa. Hatuwezi kukudanganya kwamba tulihisi kitu.

Tangu Jumamosi ile ya tarehe kumi na nne Aprili 1973, watu hutuuliza tunaendeleaje, nasi tunajibu kwamba tuko salama. Mwanao Waliaula alipofikiwa na habari ya kifo chako alikuwa darasani akifanya mazoezi ya ziada. Alinakili hesabu iliyokuwa ubaoni mpaka mwisho, akafunga daftari, ndipo akainuka. Mdogo wake Nasipwondi aliuliza kama lori la kukupeleka kwenu Chwele litapita Mamboleo. Mama alianua nguo zilizokuwa kwenye kamba, akazikunja, na shati lako akalikunja pamoja na mengine. Mimi Beldina, ninayeandika haya kwa niaba ya sote, nilizunguka nikiazima viti, na baada ya mazishi nikazunguka tena nikivirudisha. Sikumbuki nilizungumza na nani.

Kwa hiyo tumeona heri tuandike yale tunayoyajua. Wanaokufahamu watayasoma, na wasiokufahamu pia.

Ulitoka Chwele mwaka 1958, ukaja Kisumu kubeba magunia bandarini. Baadaye ukaajiriwa kwenye godauni la pamba lililo karibu na reli. Ulikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, na sauti ndogo ambayo watu hawakuitarajia kutoka kwenye mwili ule. Uliosha miguu kabla ya kuingia nyumbani hata kama ni jua kali. Ukila, hukuzungumza. Ukimaliza, ulisema, "Asante Mama Beldina," kila mara, hata siku ambazo chakula kilikuwa uji mtupu.

Juki aliletwa godauni mwaka 1964, mtoto wa mbwa mwenye nyayo kubwa kuliko kichwa. Jina lake lilikuwa la Kizungu, Duke, alilopewa na meneja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Wewe ukamwita Juki, na baada ya mwezi mmoja hata karani aliandika hivyo. Akakua akawa na kifua kama cha ndama. Alimkataa kila mtu aliyepewa kumtunza, akakukubali wewe, basi ukaondolewa kwenye magunia ukawa mtunza mbwa. Mama hupenda kusema kwamba hukupandishwa cheo na binadamu.

Miaka saba Juki alizunguka godauni lile. Alikula kilicholetwa: ngozi za nyama kutoka bucha, vichwa, mifupa ya uboho, mafuta ya kidari yaliyokatwa yakatupwa. Godauni lilipewa ndoo nzima kila siku ya pili bila kuuliza. Hakuna aliyefikiri. Mbwa mkubwa, tulidhani, anataka vingi, na mafuta ndiyo nguvu.

Mwezi wa Julai 1971 ulirudi nyumbani kabla ya saa ya kutoka kazini. Ulisema Juki ametapika tangu asubuhi, amekunja mgongo kama upinde, na akijaribu kusimama miguu ya nyuma inamtupa. Hukula. Siku ya pili daktari wa mifugo alikuja. Ulitusimulia habari zake mara nyingi, kwa hiyo tunazijua kama vile tulikuwepo.

Daktari alipapasa mbavu za Juki, asizipate. Akaagiza apelekwe kwenye mizani ya pamba. Mlimbeba watu wanne kwa gunia. Ratili mia moja na sitini na moja.

"Huyu angekuwa na mia na thelathini, angekuwa mbwa," daktari alisema. "Sasa ni mzigo. Mbwa mkubwa akizeeka miguu ya nyuma ndiyo inatangulia kuharibika. Na haya mafuta mnayompa yameanza kumuunguza tumbo. Mkimpa ndoo nyingine kama ile ya juzi, hataamka."

Meneja mpya alikuwa amesimama pale, mikono nyuma. Hakuwa mtu mbaya, wewe mwenyewe ulisema. Alikuwa mtu wa kazi. Alisema, "Mbwa wa ulinzi lazima atembee. Huyu hatembei. Nitaleta mtu mwenye bunduki Ijumaa."

Wewe ambaye hukuwahi kumjibu meneja, siku hiyo ulijibu.

"Bwana, nipe mpaka mwisho wa Oktoba."

"Ufanye nini?"

"Nimpikie mimi."

Oketch, askari wa geti, ndiye aliyetuambia kwamba meneja alicheka. Halafu akakutazama usoni, akaacha kucheka. Akasema kufika mwisho wa Oktoba Juki apande ngazi tatu za ofisi bila kusukumwa, atembee mpaka lango la bandari na kurudi. Akishindwa, bunduki. Ukasema ndiyo.

Hapo ndipo ulipoanza ile kazi iliyotutia aibu, Baba. Tuseme wazi, kwa sababu tulikuonea aibu.

Daktari alikueleza mambo machache ukayashika kama katekisimu. Kwamba mbwa mzee mkubwa asinyimwe nyama, maana akinyimwa nyama ataisha misuli na atalala chini zaidi. Anachotakiwa kunyimwa ni mafuta. Kwamba chakula kibadilishwe polepole, kidogo leo na kidogo kesho, tumbo lisishtuke. Kwamba ale mara mbili kwa siku, kwa kipimo, asimwagiwe ndoo. Mengine uliyatafuta mwenyewe.

Ulikwenda bucha ya Kangethe kule Mamboleo. Kangethe alitoka Nyeri akiwa kijana na alijua nyama kuliko mtu yeyote mjini. Mara ya kwanza ulinichukua nikusaidie kubeba. Kangethe alikata kipande cha kidari, kimenona, akakutupia kwenye karatasi.

"Hiyo sitaki," ulisema.

"Mzee, hii ni tamu. Angalia hii mafuta."

"Ndiyo sababu siitaki. Nipe shingo. Nipe moyo, na ile nyeupe inayouzunguka uitoe. Nipe mapafu."

"Nani anaumwa nyumbani?"

"Mbwa."

Kangethe aliweka kisu chini. Wateja waligeuka. Nilitamani niwe mahali pengine. Wewe ulisimama tu ukingoja nyama, na ulipopewa uliigeuza mkononi, ukaonyesha kwa kidole mstari mwembamba wa mafuta uliokuwa umebaki, ukasema, "Hapa pia, tafadhali." Kangethe akakata. Baada ya wiki chache alikuwa anakuwekea kando bila kuulizwa, nyama ya ng'ombe wakavu wa Kano, na alikuwa akiwaambia wateja wengine, "Hiyo ni ya mgonjwa wa Wanyonyi."

Siku nyingine ulikwenda Dunga kwa Aoko, mama wa samaki. Aoko alitaka kukuuzia kamongo, yule samaki mnene wa matopeni, akisema mbwa wanampenda. Ukamuuliza yupi kati ya samaki wake akichemshwa haachi mafuta juu ya maji. Aoko alifikiri, akasema hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akakupa ngege, sato wa ziwani. Ulichemsha, ukavua ngozi, ukachambua miiba kwa vidole vyako vizito, mmoja mmoja, ukipapasa nyama mara mbili kabla ya kuiweka. Siku moja kwa wiki ulimtilia omena, wale dagaa wa ziwani, konzi moja, kwa sababu daktari alisema akikosa mafuta kabisa manyoya yatakauka na ngozi itamwasha.

Nyama ulichemsha jioni bila kuongeza kitu. Uliacha sufuria ipoe mpaka asubuhi, kisha ukaondoa kwa kijiko yale mafuta yaliyoganda juu. Ndipo ukachanganya na wali kidogo wa Ahero, boga, na karoti zilizopondwa. Kipimo chako kilikuwa kopo la mafuta ya Kimbo lililokwaruzwa alama kwa msumari. Kila Jumatatu ulimpandisha Juki kwenye mizani ya pamba, ukaandika ratili ukutani kwa makaa.

Na yale mafuta uliyoyakata ulituletea sisi.

Hukuwa na nia mbaya. Mafuta mazuri ya ng'ombe, kwa nini yatupwe? Mama aliyakaangia mboga wiki tatu na tulifurahi, tulilamba vidole. Kisha siku moja Mama alikwenda bombani kuchota maji, na mwanamke mmoja, hatutamtaja jina, akamuuliza mbele ya watu, "Mama Beldina, leo mbwa amewaachia nini?"

Walicheka wote. Mama alirudi na ndoo ikiwa nusu. Aliiweka chini, akachukua kopo la mafuta, akalipeleka nje akalimwaga shimoni.

Ulipoingia alikuwa akikungoja.

"Mbwa anakula mnofu," alisema. "Watoto wako wanakula kilichokatwa kwenye chakula cha mbwa. Baba Beldina, umesikia hayo maneno vizuri?"

"Nimesikia."

"Basi chagua mahali pa kula."

Uliosha miguu yako. Tangu siku ile hukuleta tena mafuta nyumbani, lakini hukuacha kumpikia Juki. Mama naye hakusahau bomba lile. Mlikaa hivyo. Tulizoea kusikia neno mbwa likitajwa nyumbani kama jina la mwanamke mwingine.

Mwezi wa Septemba kazi yako ilikaribia kuharibika. Ulikuwa umekwenda kliniki na Nasipwondi aliyekuwa na homa. Oketch alimwonea Juki huruma. Alisema mbwa alimtazama kwa macho ya mtu anayenyimwa. Nyumbani kwa Oketch walikuwa wamechinja mbuzi, akaleta ngozi ya kifua na utumbo wenye mafuta, akampa. Juki alikula kwa pumzi moja. Kesho yake alitapika, akakunja mgongo, akalala siku mbili bila kugusa hata maji.

Oketch alikungoja getini akiwa amevua kofia.

"Omera, ndugu yangu, ni mimi," alisema. "Nimeua hii mbwa yako. Niliona ni mapenzi."

Tulitarajia ungekasirika. Ulikaa na Juki siku zote mbili, ukimlowesha ulimi kwa kitambaa. Siku ya tatu alipokubali maji ya wali, ulimwita Oketch ukampa bakuli la omena.

"Zioshe mara tatu," ulisema, "utoe vichwa. Kuanzia leo tunapika wawili. Ukijua inavyopikwa, hutampa kitu kingine."

Hivyo ndivyo Oketch alivyokuwa rafiki yako wa karibu kuliko ndugu.

Siku ya mwisho ya Oktoba meneja alitoka ofisini na karani wake. Asubuhi hiyo ukutani uliandika mia moja na thelathini na mbili. Sisi watoto tulikuwa nje ya ua, tukichungulia kwenye mabati. Juki alikuwa amepungua mpaka shingo yake ilionekana. Ulimfungua mnyororo. Hukumvuta. Ulitembea mbele na yeye akakufuata, pole pole, miguu ya nyuma ikipepesuka kidogo kisha ikikaa sawa. Mlikwenda mpaka lango la bandari. Mlipotea nyuma ya mabehewa, na muda mrefu hatukuwaona. Waliaula alisema, "Ameanguka." Kisha tukaona kofia yako, na chini yake ule mkia.

Kwenye ngazi za ofisi Juki alisimama. Aliweka mguu wa kwanza, akauondoa. Meneja alitazama saa yake. Wewe ulipanda ngazi ya tatu ukampa mgongo, ukasimama unatazama mlango kama mtu aliye na shughuli ndani. Juki akapanda. Moja, mbili, tatu. Akakaa kwenye kiatu chako.

Meneja alisema, "Sawa." Alisema neno hilo moja akaingia ndani. Oketch alipiga filimbi ya askari mpaka watu wa reli wakatoka kuuliza kuna moto wapi.

Ulirudi nyumbani jioni ukakaa kwenye kiti. Mama alikuwekea chakula. Ulikula kimya kama kawaida, ukasema asante. Hukutaja Juki, naye hakuuliza, ingawa habari ilikuwa imemfikia kabla yako. Tulitaka mseme kitu, nyote wawili. Hamkusema.

Mwaka mmoja na nusu mwingine uliendelea hivyo. Kwa Kangethe, kwa Aoko, kopo, mizani. Watu wa mtaani walianza kuja kukuuliza kuhusu mbwa wao, na baadaye kuhusu wazee wao waliovimba miguu. Uliwaambia, "Mimi najua Juki tu, nendeni kwa daktari." Juki alifika miaka tisa akitembea, na daktari wa mifugo alisema mbwa wa ukubwa ule wengi hawafiki hapo.

Tarehe kumi na nne Aprili ilikuwa Jumamosi. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, Waliaula shuleni, Nasipwondi anacheza kwa jirani. Tulichojua ni hiki: ulipita nyumbani saa sita mchana ukiwa na ngege wawili waliofungwa kwa majani, ukitoka Dunga, ukaondoka kwenda godauni. Saa tisa Oketch alikuja akikimbia bila kofia. Ulikuwa umekaa kivulini, mgongo ukutani, chini ya zile namba za makaa. Juki alikuwa amelala kwenye miguu yako na hakumruhusu mtu kukusogelea mpaka Oketch alipomwita. Hospitalini walisema ni moyo. Walisema hukuteseka. Watu husema hivyo.

Tulikuzika Chwele siku ya Jumanne. Mvua ilinyesha, lori likakwama, watu wakasukuma. Yote hayo tuliyaona kama yanayotokea kwa watu wengine.

Oketch aliendelea kumpikia Juki kwa kopo lako. Juki alikufa mwezi wa Novemba, amelala, akiwa na ratili mia na ishirini na tisa. Oketch alimchimbia kaburi karibu na reli akaja kutuambia. Mama alisema, "Asante kwa kutupasha," akaendelea kuchambua mchele. Tulidhani hajali. Na sisi tulikuwa hatujali, au hatukujua tunajali nini. Mwaka mzima Mama alikuwa akifanya kila kitu kwa wakati wake: kanisa, soko, nguo, chakula. Jambo moja tu tuliloliona ni kwamba hakula mbele yetu. Alipakua, akatazama tukila, akasema atakula baadaye.

Sasa tufike Ijumaa Kuu ya juzi, Baba. Tulikuwa tumekubaliana kuandika kumbukumbu, nikachukua karatasi. Tukamwalika Oketch atusaidie tarehe za kazini. Alikuja na shati jeupe, akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Nilimuuliza ulianza kazi ya mbwa mwaka gani, akajibu. Nikauliza jina kamili la daktari, hakulijua. Kisha akawa anazungusha kofia yake magotini.

"Mama," alisema, "kuna kitu nimeficha. Kwa sababu ya heshima yake. Lakini mwaka umeisha na ninaona inanila."

Mama alikuwa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani. Alisema, "Sema."

"Ile siku nilimkuta, niliwaambia alikuwa amekaa tu. Hakukaa tu. Alikuwa amekula chakula ya Juki."

Oketch akaendelea haraka.

"Tulipika pamoja, ile ngege na wali na boga. Alimpa Juki yake kwa sufuria, halafu akachukua kifuniko, akajipakulia. Nikamwambia, omera, wewe ni mtu mzima, wacha mchezo. Nikaenda geti kufungulia lori. Kurudi, amenyamaza. Nikaosha kifuniko kabla sijaita watu. Sikutaka waseme Wanyonyi alikufa akikula chakula ya mbwa. Najua vile watu walicheka hii nyumba."

Nilimtazama Mama nikiogopa. Nilifikiri ni bomba lile limerudi. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akasema, "Ni mimi nilimwambia."

Ndipo akatueleza, Baba, na ameniambia niandike kama alivyosema, nisipunguze.

Alisema mjomba alikuwa amekuja kutoka Chwele asubuhi ile na alikungoja ukiwa Dunga unachagua samaki wa mbwa, mpaka akachoka akaenda zake mjini. Alisema aliona haya mbele ya kaka yake. Ulipoingia saa sita ulikuwa na njaa, umetoka jasho. Uliuliza, "Mama Beldina, kuna chakula?" Sufuria ilikuwa mekoni, chakula kimeiva, umekisikia harufu. Naye akasema, "Nenda ukale na mbwa wako."

"Alisimama pale mlangoni," Mama alisema. "Akasema sawa. Akaenda. Nilitaka kumwita, nikasema akirudi jioni nitampakulia. Mwaka mzima nimekuwa nikimwona anakufa na njaa. Nikishika kijiko namwona."

Nasipwondi alikuja akakaa karibu na kigoda chake. Waliaula alitazama sakafu. Oketch alikuwa amekunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka neno kwa neno, na nadhani ndivyo alivyokuwa.

"Mama," alisema, "hakuja na hasira. Nisikie. Alikuja akicheka. Alisema, 'Oketch, leo Mama Beldina amenituma nile na Juki, na mimi nikitumwa naenda.' Hivyo ndiyo alisema. Nikamwambia amekasirika, wewe rudi uombe msamaha. Akasema, 'Ana haki. Miaka miwili namwacha peke yake na maneno ya watu. Jioni nitarudi mapema nikae naye.' Halafu akaonja. Akasema chumvi imekosa, lakini samaki ni mzuri."

"Alikula kiasi gani?" Mama aliuliza.

"Ile kifuniko yote."

"Yote?"

"Yote, Mama. Nilipoosha hapakuwa na kitu ya kuosha. Alikwangua mpaka wali wa pembeni. Ngege moja mzima ilikuwa ya Juki na moja mzima ilikuwa yake. Alishiba huyo mtu. Alikuwa ameweka mikono kwa tumbo."

Nje watu walikuwa wanatoka kwenye njia ya msalaba, tukasikia miguu yao ikipita. Nilishika kalamu tu.

Halafu Mama alisema, polepole, kama mtu anayejisomea barua, "Basi hakuondoka na njaa."

"Hapana, Mama."

Hakulia. Na sisi hatukulia. Tungependa kukuandikia kwamba tulilia na kwamba sasa mioyo imefunguka, lakini ungejua tunaongeza. Aliinuka akaenda mekoni. Ilikuwa siku ya kufunga na hakuna aliyetarajia chakula. Alipakua wali na maharage vilivyokuwa vya jioni, akampa Oketch sahani, akatupa na sisi. Halafu akajipakulia yake, akarudi kwenye kigoda, akaishika sahani kwa mkono wa kushoto. Sote tulijifanya hatumtazami. Alikula kijiko cha kwanza, akatafuna. Akala cha pili.

Baba, Mama amekula.

Wanaokukumbuka ni mkeo Agneta. Watoto wako Beldina, Waliaula na Nasipwondi. Ndugu zako wa ukoo wa Wakoli, Chwele. Kangethe wa Mamboleo, Aoko wa Dunga, na rafiki yako Oketch, ambaye ameomba jina lake liandikwe mwisho.

Tutakuwa tukikukumbuka siku zote za maisha yetu.